Argus, Mlinzi Mwenye Macho Mia

Kaeni vizuri, taa iwe karibu na kijitabu, na mwenye mtoto mgongoni amlaze kwanza, maana somo la leo ni refu kidogo.

Siku chache zilizopita tulipokea barua kutoka darasa moja la shamba, upande wa kaskazini wa Unguja. Imeandikwa kwa penseli na bibi mmoja ambaye mwaka jana alikuwa bado hajui kushika kalamu. Anasema mjukuu wake anasoma skuli, na katika kitabu chake cha Kiingereza alikuta mtu ameitwa Argus. Mtoto akamwuliza mama yake, mama hajui. Akamwuliza jirani aliyewahi kufanya kazi hotelini, naye hajui. Mwisho akamgeukia bibi yake akamwambia, "Si nawe siku hizi unasoma?" Basi bibi ameniuliza mimi.

Bibi, ahsante kwa barua yako. Herufi zako zimekaa sawa juu ya mstari, ila hiyo "g" bado inapanda juu. Mkia wake ushushe chini ya mstari. Sasa nitakujibu, na wenzako wote wasikilize.

Argus ni jina la mtu wa hadithi. Limeingia katika Kiingereza likawa neno la kumwita mlinzi asiyepitiwa na jambo, mtu ambaye huwezi kumwibia hata akikupa kisogo. Mwaka 1857 watu wa Cape Town, huko Afrika ya Kusini, walianzisha gazeti wakalipa jina hilo, maana yao ni kuwa gazeti litaona kila linalotendeka. Sisi Waswahili hatuna haja ya kuazima jina. Mtu asiyelala sisi twasema yu macho. Hatusemi kuwa ana macho. Twasema yu macho, kama kwamba mwili wake mzima umegeuka jicho. Wagiriki wa kale waliwaza jambo hilo hilo, ila wao walilitungia hadithi.

Wanasema Zeus, mkubwa wa miungu yao, alimpenda msichana mmoja jina lake Io. Hera, mke wa Zeus, akashuku. Zeus alipoona anakaribia kufumaniwa akamgeuza yule msichana ng'ombe mweupe. Hera hakudanganyika. Akasema, "Ng'ombe mzuri huyu, nipe mimi." Mume angekataaje? Akampa. Hera akamweka chini ya ulinzi wa Argus, aliyekuwa na macho mia. Argus alipolala, alilala kwa macho mawili tu, yaliyobaki yalikesha. Hata akimpa ng'ombe mgongo, bado alikuwa akimtazama.

Io alitaka kusema kuwa yeye ni mtu, lakini kila akifungua kinywa sauti iliyotoka ni ya ng'ombe. Siku moja akachungwa karibu na mto, na hapo akamwona baba yake mzazi. Baba akampapasa na kumpa majani, asijue ni nani. Basi Io akainua mguu, na kwa ukwato wake akaandika mchangani jina lake. Jina lenyewe ni herufi mbili tu, I na O. Baba akasoma, akaangua kilio, kwa kuwa alikuwa amemtafuta mwanawe kila mahali. Argus mwenye macho mia alikuwa papo hapo, akaona yote, akamswaga ng'ombe wake kumpeleka malisho mengine.

Nataka muiweke akiba habari hiyo ya ukwato na mchanga. Tutairudia.

Mwisho wake, Zeus akamtuma Hermes, mjumbe wake. Hermes hakuja na upanga mkononi. Alijifanya mchunga mbuzi, akaketi na Argus juu ya jiwe, akampigia zumari na kumpa hadithi moja baada ya moja, mpaka macho yote mia yakafumba. Hapo ndipo alipomkata kichwa. Hera akayaokota yale macho akayapachika katika mkia wa tausi, na ndiyo yale madoa mnayoyaona tausi anapotandaza mkia wake. Na Io akakimbia nchi hadi nchi, akavuka bahari, akafika Misri, huku kwetu Afrika, na huko akarudishiwa umbo lake la mtu.

Bibi, neno lako nimelijibu. Lakini hili ni somo la historia, na mimi nimeipenda hadithi hii kwa sababu bandari yetu ya Unguja iliwahi kuwa na Argus wake. Si mtu. Ni merikebu. Jina la Argus ninaipa mimi leo, si wao walioiita hivyo. Wao waliiita London.

Kwanza tujue ilikujaje. Mnajua kuwa katika karne ya 19 Mji Mkongwe ulikuwa soko kubwa la watumwa. Watu walitekwa au kununuliwa barani, mpaka nchi za Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakateremshwa pwani, wengi kwa njia ya Kilwa, wakaletwa hapa kwa majahazi. Katika miaka ya 1860 waliopita forodhani walikaribia 20,000 kwa mwaka. Wengine walibaki hapa na Pemba katika mashamba ya karafuu, wengine wakapelekwa Arabuni na kwingineko. Wafaransa nao, katika visiwa vyao vya miwa, walikuwa wanunuzi wazuri, na kabla yao na pamoja nao Wareno. Nasema hivyo ili asidhani mtu kuwa jambo hili lilikuwa la kabila moja. Pembe za ndovu zilizobebwa na watu wale ziliishia kuwa vitasa vya visu na vinanda katika nyumba za Ulaya na Marekani.

Waingereza walikuwa wamekwisha kufanya mikataba na Sayyid Said, mmoja mwaka 1822 na mwingine mwaka 1845, kupunguza biashara hiyo kidogo kidogo. Mkataba wa kuifunga kabisa kwa njia ya bahari ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873. Sayyid Barghash alikuwa amekataa mapema mwaka huo, mjumbe wa Uingereza Sir Bartle Frere alipokuja. Akakubali baadaye, Balozi John Kirk alipomwambia kuwa manowari zitafunga bandari. Soko la Mkunazini likafungwa. Penye soko lile pakajengwa kanisa kubwa, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873. Ukipita leo utaliona, na uani kwake utaona sanamu za watu waliofungwa minyororo, zimesimama ndani ya shimo. Sanamu hizo ni za juzi tu, za mwaka 1998, lakini minyororo yake ni ya zamani.

Basi soko limefungwa, na kuvusha watu baharini kumeharimishwa. Lakini mkataba ni karatasi. Nani ataangalia kama watu wanaufuata?

Mwishoni mwa mwaka 1874 ikaingia bandarini merikebu kubwa ya mbao, London. Ilikuwa kongwe; ilishushwa majini mwaka 1840, ikawekwa mizinga 90, na mwaka 1854 ilipigana vita huko Sevastopol, nchi ya Urusi. Hapa haikuletwa kupigana wala kusafiri. Ilitiwa nanga mbele ya Mji, ikakaa palepale mwaka hadi mwaka. Ikawa ghala, karakana na hospitali ya mabaharia kwa pamoja. Fikirini mtu anayetoka msikitini alfajiri, akiteremka Forodhani: jambo la kwanza analoliona ni ubavu wa manowari.

Kwa Kiswahili chetu meli ya vita ni manowari, neno tulilolichukua kwa Waingereza wenyewe tukalipa sauti yetu. Ilivyokuwa ikionekana hapa kila siku, si ajabu neno hilo kukaa vinywani mwetu mpaka leo.

Macho ya London hayakuwa juu ya sitaha yake. Yalikuwa katika mashua zake ndogo, nyingine za tanga na makasia, nyingine za moshi. Mashua hizi zilitumwa kukaa nje wiki nyingi, nyingi huko Pemba, zikijificha nyuma ya visiwa vidogo kama Fundo. Katika mashua moja waliketi mabaharia wachache wa Kiingereza, na pamoja nao mkalimani na mabaharia wa Kiafrika. Kumbukeni hilo. Miongoni mwa macho ya Argus wetu yalikuwamo macho ya watu wa pwani hii, wanaojua chombo kipi ni cha nani na upepo upi unakipeleka wapi. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, jua mchana, mbu usiku, na homa. Katika kisiwa cha Chapwani, ng'ambo tu ya bandari, yako makaburi ya mabaharia wa Kiingereza wa miaka hiyo.

Kwa nini Pemba? Hapa ndipo palipo na kiini cha somo. Mwezi wa Aprili 1872 kilipiga kimbunga kikubwa Unguja. Mikarafuu mingi sana iling'oka, majahazi yakavunjika bandarini. Pemba ilipona kwa sehemu kubwa. Karafuu ikapanda bei, na kila mwenye shamba Pemba akataka kupanda zaidi. Mikarafuu inataka watu wa kupalilia na wa kuchuma, kijiti kwa kijiti. Kwa hiyo mwaka mmoja tu kabla mkataba haujafunga njia ya bahari, kimbunga kilikuwa kimefungua mlango mpya wa haja. Haja ile haikusoma mkataba.

Sasa sikilizeni jinsi wafanya biashara walivyompigia Argus zumari.

Njia ya kwanza ni kumpita alipokuwa hatazami. Zamani watumwa walipakiwa Kilwa wakaja kwa bahari moja kwa moja. Baada ya 1873 wakaanza kupelekwa kwa miguu, kandokando ya pwani, kutoka Kilwa kuelekea kaskazini mpaka Pangani na jirani zake. Huko ndiko walikopakiwa usiku katika vyombo vidogo, wakavushwa mkondo wa Pemba. Mkondo ule ni kiasi cha kilomita 50. Kwa upepo mzuri ni safari ya usiku mmoja. Hesabuni wenyewe: waliotembea nchi kavu siku nyingi, njaani na juani, bahari ilikuwa na usiku mmoja tu wa kuwaona. Sayyid Barghash alitoa amri mwaka 1876 kukataza misafara hiyo ya nchi kavu. Ilipunguza, haikukata.

Njia ya pili ni mavazi. Mashua ya doria ikisimamisha jahazi, haikumkuta mtu amefungwa mnyororo akilia. Ilikuta mabaharia, abiria, na mwanamke amevaa bangili amekaa tezini, ndiye mke wa nahodha. Mkalimani akauliza, "Wewe nani?" Akajibu, "Mimi baharia." Huenda ni kweli. Huenda amefundishwa jibu hilo ufukoni, akaambiwa kuwa Wazungu wakimchukua watamla. Maneno hayo ya kuliwa na Wazungu yalienea sana pwani, nayo yalifanya kazi kuliko mnyororo.

Na hapa pana jambo la ndani zaidi, nami naomba mlifikirie polepole. Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watu kwenda kuwauza. Haukukataza utumwa wenyewe. Mtu wa Unguja aliruhusiwa kuwa na mtumwa nyumbani kwake, shambani kwake, hata katika chombo chake akiwa baharia au mtumishi. Kwa hiyo katika jahazi moja waliweza kukaa watumwa wawili bega kwa bega, mmoja anasafiri na bwana wake kwa halali ya sheria ile, na mwingine anapelekwa kuuzwa kwa haramu. Argus atawatambuaje? Hata angekuwa na macho elfu, tofauti yao haikuwa usoni. Ilikuwa katika nia ya mwenye chombo.

Kosa likatokea pande zote mbili. Mara nyingi jahazi la watumwa liliachwa likapita. Na mara nyingine, hasa katika miaka ya 1860 kabla London haijaja, jahazi la biashara ya halali lilichomwa moto, mwenyewe akabaki maskini. Msishangae. Sheria ya Uingereza iliwapa mabaharia zawadi ya fedha kwa kila mtumwa waliyemkomboa, au kwa ukubwa wa chombo walichokiangamiza. Mlinzi anayelipwa kwa idadi ya wezi aliowakamata huanza kuona wezi kila mahali. Malalamiko yakawa mengi, hata serikali yao wenyewe ikabidi iwape amri ya kujizuia. Sisemi kuwa wote walikuwa na tamaa. Nahodha mmoja, George Sulivan, aliandika kitabu mwaka 1873 juu ya kuyawinda majahazi katika bahari hii, na mwenye kukisoma ataona hasira ya kweli juu ya hali aliyowakuta nayo watu katika vyumba vya chini vya majahazi. Mtu aweza kuwa na huruma na tamaa kwa wakati mmoja.

Njia ya tatu ilikuwa karatasi, na hiyo ndiyo iliyowashinda kabisa. Wenye majahazi wengine, hasa watu wa Sur katika Oman, walijipatia hati na bendera kwa Wafaransa. Ufaransa haikukubali manowari ya Kiingereza kupekua chombo chenye bendera yake. Basi baharia wa doria akiona bendera ile mlingotini, aliloweza kufanya ni kuomba kutazama hati tu, na hati ikiwa sawa, huondoka. Huenda chini ya sitaha wamepangwa watu kama magunia. Jambo hili la bendera lilibishaniwa miaka mingi, mpaka likapelekwa mbele ya baraza la usuluhishi huko Hague, likaamuliwa mwaka 1905.

Bendera hiyo ndiyo iliyomwua mkubwa wa London mwenyewe. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Brownrigg alikuwa karibu na Pemba katika mashua ya moshi, na watu wachache tu. Wakaliona jahazi lina bendera ya Kifaransa. Akalikaribia, si kwa kupigana, ila kuangalia hati kama kawaida. Waliokuwamo walikuwa wamejilaza, bunduki tayari. Walipokaribiana wakapiga risasi, wakaruka ndani ya mashua. Brownrigg akapigana peke yake nyuma ya mashua mpaka akaanguka, amekufa. Jahazi lile lilikuwa na watumwa. Nahodha wake, Hindi bin Hattam, alifuatwa na jeshi la Sultani chini ya Lloyd Mathews, naye akafa kwa majeraha yake. Mathews huyu zamani alikuwa afisa wa London hiyo hiyo. Sayyid Barghash alikuwa amemchukua mwaka 1877 amfundishie askari.

Watoto wa skuli zamani walifundishwa kisa hicho kama kisa cha ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Mimi nikisoma kisa hicho huwa nawafikiria waliokuwa chini ya sitaha. Walisikia milio na vishindo juu ya vichwa vyao, wasijue nani anampiga nani, wala yupi akishinda ndiyo heri yao. Majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 1883 London iliondolewa kazini, na mwaka 1884 ikauzwa. Ilikuwa imeoza na gharama zake ni kubwa. Je, ilifanya kazi bure? La, nisiwadhulumu. Ilikomboa watu, na waliokombolewa walikuwa watu kamili, wenye maisha mbele yao. Wengine walipelekwa kwa wamisionari, wavulana Kiungani, wasichana na wenye familia Mbweni, ambako magofu ya majengo yao yapo mpaka leo. Wengine Freretown karibu na Mombasa. Wengine mbali zaidi. Hawakuulizwa sana wanataka kwenda wapi, kwa kusema kweli. Na kwa kuwapo kwake biashara ilikuwa ya hatari na ya siri, na mambo ya siri hupungua. Lakini haikukoma. Mlio karibu na Mangapwani mnakijua kile chumba kilichochimbwa katika jiwe, chenye ngazi ya kushuka. Masimulizi ya wenyeji yanasema watumwa walifichwa humo baada ya soko la Mjini kufungwa, wakingojea usiku wa kupakiwa. Aliyekichimba alikuwa na fundi na muda wa kutosha, naye manowari ilikuwa bandarini, mwendo wa saa chache tu kwa miguu.

Basi lililomaliza ni nini? Ni sheria ya nchi kavu, nayo ilikuja kwa kusitasita. Tarehe 1 Agosti 1890 Sayyid Ali bin Said alitoa amri kukataza kabisa kununua na kuuza watumwa, na amri hiyo ilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha. Mji ukachafuka. Kabla mwezi haujaisha ikatoka amri nyingine, ikisema bwana halazimishwi kupokea fedha hiyo. Kilichotolewa kwa mkono wa kulia kilirudishwa kwa mkono wa kushoto, na asiyejua kusoma hakupata habari ila kwa mdomo wa yule yule bwana wake.

Mwezi wa Aprili 1897, wakati wa Sayyid Hamoud bin Mohammed, ikatoka sheria iliyosema kuwa mahakama hazitatambua tena haki ya mtu kummiliki mtu. Wengi hufikiri kuwa siku ile watumwa wote walikuwa huru. Sivyo. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akauombe. Tena alitakiwa aonyeshe kuwa ana mahali pa kukaa na njia ya kujilisha. La sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana wake alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu. Na masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo. Walihesabiwa kama wake, wakangojea mpaka sheria ya mwaka 1909.

Wakaenda. Si wote, wala si siku moja. Wengine walikaa palepale shambani, wakapatana na mwenye shamba siku za kufanya kazi na siku za kulima vyao, maana ardhi na mihogo yao ilikuwa hapo. Lakini maelfu walikwenda. Mwanamke anatoka shamba alfajiri, anafika mbele ya karani, na karani anamwuliza, "Jina lako nani?"

Swali hilo dogo halikuwa jepesi. Watumwa wengi walipewa majina na mabwana zao, majina kama Mabruki, Feruzi au Baraka, ambayo mtu akiyasikia tu alijua mwenye nayo ni mtumwa. Jina alilopewa na mama yake huko Uyao au Unyasa, pengine lilikuwa halijatamkwa na mtu tangu utoto wake. Wengine, baada ya kupata uhuru, walijichagulia majina mapya. Karani akaandika katika daftari jina, kabila, na jina la bwana wa zamani, akampa mtu hati yake. Mtu akaikunja, akaenda nayo, hawezi kuisoma. Hati za namna hiyo na madaftari ya namna hiyo yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, hapo Kilimani. Nimekwenda kuyatazama. Wino umegeuka rangi ya kahawa, lakini majina yanasomeka.

Sasa turudi kwa ng'ombe wetu mchangani. Argus alikuwa na macho mia akamwona Io kila saa ya mchana na usiku, na hakuwahi kujua ni nani. Baba yake alikuwa na mawili tu, nayo yalijua siku herufi mbili zilipoandikwa chini. London ilitazama bahari hii miaka tisa, ikaona majahazi, matanga, bendera, rangi za watu na nguo zao. Waliokuwa ndani ya majahazi hawakuwa na ukwato wa kuandikia.

Bibi, mwambie mjukuu wako hayo kwa maneno yako mwenyewe, usimsomee. Akikuuliza kama Argus alikuwa mtu mwema au mbaya, mwambie mwalimu hakusema, kwa kuwa mimi mwenyewe nabadili shauri kila mara.

Sasa kazi ya wiki hii. Fungueni madaftari. Kwanza andikeni neno Argus mara tatu, na mkumbuke mkia wa "g". Kisha andikeni Io, na mtazame kuwa ya kwanza ni herufi kubwa ya i, wala si ele. Halafu mwende kwa mtu mzee kuliko wote katika nyumba yenu, mumwulize majina yake yote, na ya mama yake, na ya bibi yake mzaa mama, mpaka hapo kumbukumbu yake inapofika. Kama yalikuwapo majina mawili, la kupewa na la kujichagulia, andikeni yote mawili. Mwandike kama anavyotamka yeye, si kama mnavyodhani inapasa. Karatasi mtazileta darasani, na mwalimu wenu asizisahihishe majina, asahihishe herufi tu.

Kijitabu ni ukurasa wa 14. Kwaherini mpaka wiki ijayo, saa hii hii.